Chombo Kinaporudi Nyuma

Je, mtu alaumiwe kwa mvuto ambao hakuuchagua? Swali hili na tulitazame katika zile mashua nyembamba za mifereji ya Uingereza, ambazo zamani zilibeba makaa ya mawe. Upana wake hufika kama futi 7 tu, nazo nyingine zina urefu wa futi 70. Rafadha, yaani lile panga la kusukuma maji, ni moja, mbele tu ya usukani.

Chombo kikienda mbele, rafadha hutupa maji juu ya usukani, na nahodha akiigusa kana, chombo hutii. Kikirudi nyuma, maji husukumwa kuelekea omo, na usukani hauna cha kushika. Tena maji hayo huzunguka, yakapiga ubavu mmoja kuliko wa pili, hata tezi ikavutwa upande. Rafadha nyingi huivuta kushoto.

Basi nahodha aigonga mashua ya jirani iliyofungwa kando, chai ya watu ikamwagika. Asema, "Si mimi, ni rafadha." Kweli, hakuiunda yeye. Anayerudi nyuma mara ya kwanza tutamhurumia. Lakini huyu wa mara ya ishirini? Alijua, na kwangu mimi kosa lake lilianza hapo alipojua asijiandae.

Mwenye ujuzi huielekeza tezi kulia kidogo kabla ya kuanza. Ikizidi kupinda, hupeleka injini mbele kwa nguvu kwa muda mfupi huku akigeuza kana, chombo kikanyoka, kisha hurudi tena. Mwenzake husimama omo na pondo (watu wa pwani hawahitaji kuelezwa pondo). Walio ukingoni hucheka: anarudi, mbona aenda mbele? Wacha wacheke.

Sasa mfikirieni mtu arudiye kwa nduguye kupatana naye baada ya miaka ya kununiana. Ulimi wake ni mkali tangu utoto, wala hakujipa mwenyewe. Lakini ajua kwamba shamba la marehemu baba likitajwa tu, atafoka. Basi na amchukue shangazi yao aende naye, na siku ya kwanza waulizane habari za watoto, wale, waagane. Shamba litangoja.