Usiutazame Mguu, Mwanangu

Mwanangu, najua una haraka. Unataka mguu upone kabla kaskazi haijaingia, uwahi kushuka baharini na wenzako wa kisiwa cha Fuma. Kaa kidogo tuzungumze.

Daktari amekupima. Si kiharusi, mfupa haukuvunjika, uti wa mgongo ni mzima. Sasa watu wananong'ona: anajifanya, ana jini. Usiwasikilize. Ugonjwa huu wa mguu kukataa kutii ni wa kweli. Mguu ni mzima na ubongo ni mzima, ila haviafikiani. Amri inapotea njiani.

Niliyaona haya kwa mpwa wangu. Mwaka 1991 vita vya Somalia vilipotutoa visiwani, tulikimbilia Mombasa kwa madau. Akiruka kushuka, kifundo kikateguka. Uvimbe ulikwisha, lakini akabaki akiburura mguu, na mwili ukaelemea upande. Sisi wazee tukamkemea: "Jikaze! Simama wima! Tazama unapokanyaga!" Kila alipokazana, mguu ulizidi kuwa mzito. Tukamchongea mkongojo, akauegemea mpaka bega likapinda. Inaniuma hadi leo, kwani tulikuwa tukimzidishia ugonjwa kwa mapenzi.

Aliyemsaidia ni mama mmoja wa tiba ya viungo. Alimlaza chali, akaweka kiganja chini ya kisigino cha mguu mbovu. "Kandamiza." Hakuna kitu. Kisha akamwambia ainue mguu mzima, naye akiuzuia kwa mkono wa pili. Kile kisigino kibovu kikakibana kiganja chake kitandani. "Umeona? Nguvu unazo." Mpwa wangu alinyamaza, machozi yakamtoka. Kipimo hicho alikieleza daktari wa Marekani, Charles Hoover, mwaka 1908.

Halafu akamtembeza kinyumenyume. Akamwambia ayumbe kulia na kushoto, kama mtu aliyesimama ndani ya dau, kisha aanze kwenda. Mguu ukaenda! Mawazo yakishughulika kwingine, mwendo wa zamani hurudi wenyewe. Hata mapendekezo ya wataalamu yaliyochapishwa mwaka 2015 yanafuata njia hiyo: mgonjwa aelezwe ugonjwa wake vizuri, mwendo urudishwe kidogokidogo, mawazo yaondolewe kwenye kiungo, na mikongojo isikimbiliwe.

Lakini ilichukua miezi, mwanangu. Wiki moja alitembea vizuri, wiki ya pili akaburura tena, akadhani yote yamepotea. Hayakupotea. Mama yule hakumgombeza hata mara moja. Alimrudisha kwenye kuyumba, wakaanza upya.

Basi kesho ukienda ufukweni, mchukue binamu yako. Zungumzeni habari za nyavu na bei ya kamba. Macho yawe kwenye matanga, si kwenye vidole vya miguu. Mguu ukigoma, simama, yumba taratibu, uanze tena. Na mazoezi uliyopewa yafanye hata siku unayojiona mwepesi, ila usiyaongeze siku hiyo ukalala na maumivu.