Kisichosafiri Ndicho Kifuatwe Dijon

Anayepanga safari ya kwenda kula na kunywa Ufaransa kwa kawaida huanza na orodha. Huandika majina ya mvinyo mashuhuri, mikahawa yenye nyota na mashamba yanayosifiwa, kisha hukata siku zake vipande vipande ili kila jina lipate nafasi. Naamini orodha hiyo huanzia pasipofaa. Kabla ya tiketi na kabla ya hoteli, msafiri ajiulize swali moja: katika yote yanayosifiwa huko, ni kipi kisichoweza kunifuata nilipo? Mvinyo wa Kifaransa unauzwa Nairobi na Dar es Salaam. Jibini la Kifaransa limo katika majokofu ya maduka makubwa. Vitu hivi hupakiwa, huvuka bahari na kutufikia, hata kama ni kwa bei ya juu. Likizo ya mwaka, nauli na ada ya viza ni mali nyingi mno kuzitumia kufuata kitu ambacho tayari kinakuja chenyewe. Safari ipangwe kwa ajili ya vile visivyosafiri, na mengine yote yakipunguzwa hayapotei. Nauchukua mji wa Dijon, uliokuwa makao ya watawala wa eneo la Bourgogne katika zama za kati, kwa sababu huko swali hili lina majibu ya wazi.

Tuanze na kile ambacho dunia nzima inakijua kwa jina la mji huo, yaani haradali. Mgeni hutarajia kwamba haradali ya Dijon hutoka katika mashamba ya Dijon kama vile karafuu ya Zanzibar inavyotoka Zanzibar. Sivyo. Jina hilo limebaki kuwa la namna ya kutengeneza, si la mahali, na kiwanda chochote duniani kinaweza kuliandika kwenye chupa yake. Hata inayosagwa Bourgogne kwenyewe, kwa miaka mingi sehemu kubwa ya mbegu zake imetoka Kanada. Ukame ulipoyapiga mashamba ya Kanada mwaka 2021, mwaka uliofuata rafu za haradali za maduka ya Ufaransa zilikuwa tupu, na Wafaransa wengi wakajua kwa mara ya kwanza jinsi chakula chao cha kila siku kilivyotegemea bara jingine. Iko haradali inayoitwa ya Bourgogne, ambayo tangu 2009 inalindwa na sheria ya Ulaya na lazima itokane na mbegu za huko na mvinyo mweupe wa huko. Hiyo inafaa kuonjwa. Lakini kupanga safari kwa ajili ya haradali ni kufuata kitu kilichoondoka nyumbani zamani.

Mteremko wa mizabibu ni habari nyingine kabisa. Kuanzia viunga vya Dijon kuelekea kusini, kupita mji wa Beaune, kuna ukanda mwembamba wa vilima wenye urefu wa takriban kilomita 50, na uso wake mwingi umeelekea mawio ya jua. Udongo wake ni mchanganyiko wa mawe ya chokaa na mfinyanzi, na mchanganyiko huo hubadilika kila baada ya hatua chache. Mwaka 2015 UNESCO iliuingiza ukanda huu katika orodha ya urithi wa dunia, ikatambua vipande 1,247 vya ardhi, kila kimoja kikiwa na jina lake na mipaka yake. Wenyeji huviita climats. Kipande cha Romanée-Conti, kinachotoa mvinyo ulio miongoni mwa ghali kuliko yote duniani, hakifiki hata hekta mbili. Watawa wa Cîteaux waliulima mteremko huu kwa karne nyingi, wakajenga ukuta kuzunguka shamba lao la Vougeot, lenye hekta 50 hivi. Baada ya mapinduzi ya 1789 shamba hilo lilitaifishwa, kisha kuuzwa na kurithishwa kwa vizazi, mpaka leo limegawanyika kati ya wamiliki wapatao 80. Wote wanaandika jina lile lile kwenye chupa, wote wana daraja lile lile la juu kisheria, lakini anayelima juu, kwenye ardhi inayopitisha maji haraka, na anayelima chini kando ya barabara, ambako maji hutuama, hawavuni zabibu za aina moja. Jambo hili mtu anaweza kulisoma kitabuni asiliamini. Akisimama ukutani mchana mmoja, akatazama ardhi inavyoinama, ataelewa kwa nini watu hawa wanabishania mita. Mteremko haupakiwi katika kontena, na kwa maoni yangu peke yake unatosha kuwa sababu ya safari.

Cha pili kisichosafiri ni mlo wenyewe, na hapa simaanishi chakula. Mwaka 2010 UNESCO iliutambua mlo wa sherehe wa Wafaransa kuwa urithi usioshikika, na ukiusoma uamuzi huo utaona kwamba sifa haikutolewa kwa mapishi fulani. Kilichotambuliwa ni desturi ya watu kukaa pamoja, meza ikaandaliwa vizuri, vyakula vikaja kwa mpangilio wake, kinywaji kikapatana na chakula, na mazungumzo yakawa juu ya kile kinacholiwa. Dijon mlo kama huo mara nyingi hufunguliwa kwa kir, mvinyo mweupe wa Aligoté uliotiwa pombe tamu ya tunda dogo jeusi liitwalo cassis. Jina limetokana na Félix Kir, padri aliyekuwa meya wa mji tangu 1945 hadi alipofariki 1968. Baada ya hapo huja chakula cha kutangulia, huenda ni mayai yaliyopikwa katika mchuzi wa mvinyo mwekundu, kisha nyama, kisha jibini, kisha kitu kitamu. Saa mbili hupita, na hakuna anayekuletea hesabu mpaka uiombe. Anayekwenda na haraka ataona mhudumu anamchelewesha, ilhali mhudumu huyo anampa kile alichokuja kukitafuta.

Kutoka hapa mpango wa safari unaanza kujipanga wenyewe. Ikiwa ninachokifuata ni mteremko na mlo, basi mwenye ratiba ni mji, nami ninaifuata. Chakula cha mchana huanza saa sita na jiko hufungwa saa nane, na anayefika saa tisa na njaa yake atapata mkate tu. Mikahawa mingi hufungwa Jumapili jioni na Jumatatu. Soko kuu la Dijon, lenye paa la chuma lililokamilika 1875, huchangamka asubuhi za Jumanne, Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi. Asiyejua hayo anaweza kufika Jumapili mchana na kuondoka Jumanne alfajiri, akarudi nyumbani akisema mji umekufa. Mlo mkubwa nauweka mchana, maana mikahawa mizuri hutoa menyu ya mchana kwa bei ndogo kuliko ya usiku, kutoka jiko lile lile. Sheria inamlinda mteja pia: gharama ya huduma imo katika bei, na jagi la maji ya bomba pamoja na mkate havilipiwi unapokula.

Kuna kalenda ya mwaka nayo. Dodoma mzabibu huweza kuvunwa mara mbili kwa mwaka. Bourgogne mavuno ni mara moja, na mwaka mzima wa mkulima umefungwa katika siku hizo chache. Watafiti waliokusanya tarehe za mavuno ya Beaune kuanzia 1354 hadi 2018 wamegundua kwamba tangu 1988 uvunaji huanza, kwa wastani, siku 13 mapema kuliko ilivyokuwa katika karne zilizotangulia, kwa sababu ya joto. Mwaka 2020 wengi walianza mwezi Agosti. Kwa hiyo yule anayepanga kwa kitabu cha zamani, akilenga mwisho wa Septemba ili aone wavunaji, anaweza kukuta mizabibu imekwisha kuvunwa. Na hata akiwakuta, wakulima wengi wakati huo hawana nafasi ya kumpokea mgeni, nao wana haki. Jumapili ya tatu ya Novemba hufanyika Beaune mnada wa mvinyo wa Hospices, hospitali ya kale ya mji huo, na vyumba hujaa hadi Dijon. Mei na Juni huonekana kwangu miezi bora, kwani mizabibu ina majani, mkulima ana dakika za kuzungumza, na aliyeandika kuomba miadi mapema hujibiwa.

Najua kuna atakayesema kwamba hii ni anasa ya ushauri. Mtu aliyeweka akiba miaka kadhaa, akapanga foleni ya viza, akatoa bima na taarifa za benki, huenda asiione tena Ufaransa maishani. Kumwambia akae mji mmoja ni kumnyima Paris, Lyon, Bordeaux na Champagne kwa mpigo. Hoja hii ni nzito na siipuuzi, kwa sababu ni kweli kwamba milango ya Ulaya haifunguki sawasawa kwa kila pasipoti. Lakini uchache wa nafasi ndio unaonifanya nishikilie msimamo wangu. Aliyepita miji mitano kwa siku saba ametumia sehemu kubwa ya siku hizo katika vituo vya treni na kaunta za hoteli, na vituo na kaunta vinafanana duniani kote. Ulimi nao una kikomo. Baada ya kuonja mvinyo wa aina nyingi uwezo wake wa kutofautisha hupungua, na wataalamu wenyewe huonja na kutema katika ndoo iliyowekwa kwa kazi hiyo, bila aibu yoyote. Mashamba matatu kwa siku ni mengi, na mawili yanatosha. Tena Dijon si kisiwa. Treni ya kasi kutoka Paris huchukua kama saa moja na nusu, na treni za mkoa husimama Gevrey-Chambertin, Nuits-Saint-Georges na Beaune, chini kabisa ya mteremko. Huhitaji gari, na ni heri usiwe nalo, kwani sheria ya Ufaransa hairuhusu zaidi ya nusu gramu ya pombe katika lita moja ya damu ya dereva. Hata karatasi za viza hurahisika, kwa sababu msafiri wa mji mmoja anawasilisha uthibitisho wa malazi mmoja.

Pingamizi linalonigusa zaidi ni la dhamiri. Je, ni haki kusafiri maelfu ya kilomita kwa ajili ya tumbo, wakati ada za shule za ndugu hazijalipwa? Sidhani mtu yeyote anaweza kumjibia mwingine swali hili. Ambaye fedha yake ina kazi nyingine ya lazima, ailipe kazi hiyo kwanza, na mteremko utamngoja. Ninachokikataa ni dhana kwamba kula kwa makini na kuwahurumia wenye shida ni mambo yanayopingana. Hospices ya Beaune ilianzishwa 1443 na Nicolas Rolin na mkewe Guigone de Salins kuwa hospitali ya maskini, baada ya miaka ya vita na njaa. Wenye mali wakaanza kuitolea mashamba ya mizabibu kwa wasia, na mvinyo wa mashamba hayo ukalipia vitanda na dawa. Wagonjwa walitibiwa katika jengo lile hadi karne ya 20. Mnada wa Novemba, ulioanza 1859, bado huchangia huduma za afya na misaada. Mgeni anaweza kwenda kuona ule ukumbi mrefu wenye vitanda vyenye mapazia mekundu, kisha akaketi mezani akijua kwamba hapa starehe na sadaka vimeishi katika akaunti moja kwa karne nyingi. Na katika kupunguza gharama, mpango wangu humsaidia: chupa ya kijiji isiyo na jina kubwa, ikinunuliwa mikononi mwa aliyeilima, hugharimu sehemu ndogo tu ya bei ya chupa mashuhuri, na humfundisha mnunuzi mengi zaidi.

Wako pia wasomaji wengi wasiokunywa pombe, Waislamu na wasio Waislamu, na kwao nataka kusema kweli. Husemwa kirahisi kwamba Bourgogne kuna chakula cha kila mtu. Hapana. Mvinyo umo ndani ya mapishi yenyewe: nyama ya ng'ombe hupikwa taratibu ndani yake, mayai pia, kuku pia, na jibini la Époisses husuguliwa kwa pombe kali itokanayo na makapi ya zabibu. Nyama baridi inayopambwa kwa kotmiri katika maduka ya Dijon ni nguruwe. Mtu wa imani atalazimika kuuliza kila sahani, na sioni sababu ya kumshawishi alipe fedha nyingi kwa ajili ya kuuliza. Huyo namshauri alitumie swali lile lile, lakini alielekeze mashariki, kwenye milima ya Jura, safari fupi kutoka Dijon, ambako hutengenezwa jibini la Comté. Maziwa yake ni mabichi, ya ng'ombe wa Montbéliarde na Simmental wanaolishwa majani na nyasi kavu, na kila gurudumu la jibini hukaa ghalani si chini ya miezi minne. Chachu ya kugandishia hutoka katika tumbo la ndama, kwa hiyo anayejali namna ya kuchinja aulize na hilo. Magurudumu hayo husafiri dunia nzima, lakini maghala ya Poligny huko Jura yenye baridi na harufu kali, ambamo mtunzaji huligonga kila gurudumu kwa kinyundo na kusikiliza limefikia wapi, hayasafiri. Siku mbili huko zitamfaa kuliko wiki nzima ya kukataa sahani huko Dijon.