Chifu Mmoja na Wazee Wake

Rais Mobutu alitetea utawala wake kwa desturi: kijiji hakina machifu wawili. Hapa kwetu Yanonge neno hilo si uwongo, lakini ni nusu ya desturi. Chifu anaikala kwanza na wazee, anawasikia, ndipo anakata neno.

Tarehe 30 Novemba 1973 alitangaza maduka na mashamba ya wageni yapewe Wazairwa. Nani angemwambia: "Mukubwa, hawa hawajui ile kazi"? Maduka yakaisha vitu, mashamba yakaingia pori. Mwaka 1976 akaanza kuwarudishia wenyewe sehemu ya mali.

Wengine watasema: alikuwa na mawaziri wengi. Ndiyo, lakini yeye aliwaweka, yeye aliwafukuza. Kwetu mzee anatoka katika jamaa yake. Chifu hawezi kumwondoa. Anayekula mkononi mwako hakuambii kweli.

Kofia ya chui na fimbo alizitwaa kwa wazee. Angetwaa na masikio yao, angetawala vizuri zaidi.

Basi, ndugu wasomaji, kwa kila kiongozi tuulize: nani anaweza kumwambia hapana, na kesho yake bado iko mahali pake?