Riziki Haihesabiwi?

Katika miaka yangu ya ubwana shamba Handeni na Korogwe, swali gumu kuliko yote halikuwa la mbolea wala viwavi: je, kupima njaa ni kukosa tawakali? Kwamkono, kwenye mahindi yaliyokauka yakiwa ndiyo kwanza yanatoa mbelewele, mzee mmoja aliniambia, "Mwanangu, riziki haihesabiwi."

"Mzee wangu, Nabii Yusuf alihesabu," nikamjibu. Aliwapangia Wamisri miaka 7 ya shibe, akaagiza nafaka ihifadhiwe kwenye masuke yake.

Basi nahesabu: magunia kwa eka, mihogo iliyobaki ardhini, mbuzi mmoja mnadani anapata madebe mangapi ya mahindi. (Hilo la mbuzi naliamini kuliko fomu zote.) Korogwe, wenye mashamba kando ya Mto Pangani hupumua kidogo, na wastani wa mkoa ukawafunika wa Handeni. Dhambi naiona hapo.

Wapo pia wanaoiita njaa adhabu: watazame Wazigua wa bonde la Juba, Somalia. Wazee wao waliondoka huku karne ya 19, ukame ukiwasukuma pwani, wakaishia utumwani. Anayesema Mungu aliwaadhibu anawasahau waliowanunua.