Majani Yasichomwe

Katika shule zetu nyingi za msingi, siku huanza kwa fagio la chelewa. Kabla ya kengele ya mstarini, watoto wameshainama uwanjani, wanafagia mpaka ardhi inabaki na michirizi ya fagio tu. Majani ya mjohoro na mwarobaini hurundikwa nyuma ya madarasa, yakatiwa kiberiti. Ikifika siku ya kupanda miti, watoto walewale hukabidhiwa miche waipande kwenye ardhi hiyohiyo wanayoivua nguo kila asubuhi.

Hapa Dodoma ardhi hiyo ina kazi nzito. Mvua zetu huanza Desemba na kuishia Aprili, na mwaka wa kawaida hazifiki milimita 600. Siku ya Taifa ya Kupanda Miti ni Aprili 1. Mche uliopandwa Kongwa au Chamwino siku hiyo unakuta mvua zinaaga, kisha unakabili miezi ya jua na upepo mkavu. Wageni wa heshima wameshapiga picha na kuondoka. Kinachobaki na mche ni udongo, na udongo ulionyimwa majani ya kuoza yawe mboji hauna maji ya kuutunzia.

Nilimwona mwalimu mmoja wa sayansi akiwafundisha jambo hili darasa la sita bila maneno mengi. Alikata chupa mbili za maji, akazipindua, akafunga kitambaa mdomoni mwa kila moja. Moja akaitia udongo wa uwanjani, nyingine udongo wa chini ya mti ulio nyuma ya uzio, mahali ambapo hakuna anayefagia. Akamimina kikombe kimoja kimoja cha maji. Kwenye udongo wa uwanjani maji yalituama juu kama yaliyomwagwa kwenye sahani. Kwenye ule mwingine yalizama papo hapo.

Msichana mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, sasa kesho tufagie au tusifagie?"

"Fagieni njia na milangoni. Chini ya miti acheni, na majani msichome."

Natamani jibu hilo lifike kila shule ya mkoa huu.

Liko jambo jingine linaloniuma zaidi. Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alitaka shamba la shule liwe sehemu ya masomo. Leo mtoto akichelewa hupewa jembe akachimbe kisiki. Atapendaje udongo aliouzoea kama adhabu? Na kisiki chenyewe huenda kina uhai! Wakulima wengi wa Dodoma sasa wanatumia njia ya kisiki hai: wanachagua kisiki kinachochipua, wanapogoa machipukizi wakiacha machache yaliyonyooka, wanaweka alama, wanakilinda dhidi ya mbuzi. Mizizi yake imeshashuka chini zamani, kwa hiyo hakihitaji ndoo ya maji kila jioni kama mche uliotolewa kwenye kiriba.

Ninawaomba walimu wakuu, kabla ya kuagiza miche ya msimu ujao, wazunguke na wanafunzi eneo la shule na kuvitafuta visiki hivyo. Kila darasa lipewe vyake. Na hesabu ya miti ya shule ifanywe Novemba, kiangazi kikiwa kimekolea, kwa ile iliyo hai peke yake.