Ubakhili wa Ilimu Makazini

Bila shaka wasomaji wetu wamewaona, katika afisi za Kilindini na karakana za mjini Mombasa, watu wajuao kazi yao barabara lakini hawamfunzi mwenzao hata herufi moja. Karani ajua kuzitengeza hati za forodha katika kompyuta; kijana akimsogelea, hugeuza kioo upande wa pili. Fundi wa injini hungoja mwanagenzi atumwe chai ndipo afanye ile kazi ngumu. Watu husema: huyo ana kibri, ajiona. Sisi twaona kinyume chake. Huyo hajioni kuwa na thamani, na hapo ndipo penye ugonjwa.

Mtu aliyekinai kwamba riziki yake iko kwa Mola wake, na kwamba utu wake hautokani na kazi, hapungukiwi na kitu akimwonyesha mwenziwe njia. Ama yule ajihisiye si chochote ila kile kidogo akijuacho, hukikumbatia kama aliyevunjikiwa na chombo akumbatiavyo ubao. Na mtu huyo hata kuuliza hawezi, maana suali litamfichua. Basi ilimu haimtoki wala haimwingii. Nabii Musa, pamoja na utume wake, alimwendea mja mwengine wa Mungu akamtaka idhini ya kumfuata ili afunzwe, kama tusomavyo katika Sura ya Al-Kahf, wala cheo chake hakikushuka.

Juu ya mwenye kuficha ilimu kuna onyo kali la hadithi, nalo latajwa sana mimbarini. Onyo ni la haki. Lakini je, ni nani aliyemvua karani yule thamani yake? Tajiri humwita "wewe" hata mvi zikamjaa, humkemea mbele ya wateja, na kijana akishajua kazi, mzee huachishwa kwa kuwa mshahara wa kijana ni mdogo. Khofu ya mzee huyo si wasiwasi mtupu, na kumhubiria ukarimu peke yake ni kumcheka.

Mwaka wa 5 Hijria (627), makabila yalipoikusudia Madina, Salman alikuwa Mfursi aliyetoka utumwani juzi, asiye na kabila la kumsimamia. Ndiye aliyeshauri lichimbwe handaki, desturi ya kwao ambayo Waarabu hawakuizoea. Mtu kama huyo angeweza kunyamaza. Lakini alisema, na Mtume (S.A.W.) akalikubali shauri lake, akachimba kwa mikono yake pamoja na watu. Wasimulizi wa sira wataja kwamba Muhajirina na Ansari walimgombania Salman, kila upande ukisema ni wetu, na Mtume akasema yeye ni katika watu wa nyumba yake.

Na sisi wa pwani tulikuwa na desturi yetu: mwanafunzi alipohitimu alimpa fundi wake kilemba, na watu wakajua kwamba fundi fulani ametoa fundi. Kufunza kulimwongezea mtu jina. Tajiri wa leo hulipa kazi iliyofanywa. Kwa kijana aliyefunzwa hatoi hata asante. Tungependa kumwona mmoja katika matajiri wetu wa Kiislamu ambaye, siku ya kumpandisha kijana cheo, atamwita na yule aliyemfunza, amshukuru mbele ya wafanyakazi wote, na amwambie waziwazi kwamba kazi yake ipo.