Ahadi Niliyosemewa Nikiwa Mtoto



Katika jumuiya yetu kijana mmoja aliuliza swali lililotunyamazisha. Alisema: "Mimi nilibatizwa nikiwa mchanga. Aliyemkataa Shetani ni msimamizi wangu, siyo mimi. Ahadi ya mtu mwingine inanifungaje?" Wazee wengine walikasirika. Mimi naona aliuliza vizuri.

Hata jina langu sikujichagulia, lakini nikiitwa naitika. Tulisemewa tukiwa wadogo, na ndiyo maana kila Mkesha wa Pasaka Kanisa linatuuliza upya, mshumaa mkononi, ili tujibu kwa midomo yetu wenyewe.

Kujibu si kazi. Sisi tuliotoka Kamenge, kule Bujumbura, tunalijua hilo. Pasaka ya mwaka 1993 tulijibu kwa sauti moja. Mwezi wa Oktoba Rais Ndadaye akauawa, mitaa ikagawanyika kwa kabila, jirani akamwogopa jirani, na mwaka 1995 jeshi likawafukuza watu wa Kamenge. Waliokimbia na waliokimbiza, wengi wao walikuwa wabatizwa. Na rozari tulikuwa nazo mfukoni!

Ndiyo sababu nawakumbuka masista watatu, wamisionari wa Kisaveri, waliouawa katika nyumba yao hapo hapo Kamenge mwezi Septemba 2014: Olga Raschietti, Lucia Pulici na Bernadetta Boggian. Walitoka Italia, wakatumika miaka mingi Kongo kabla ya kuja kwetu. Sista Lucia alikuwa mkunga, na mkunga hamwulizi mama mwenye uchungu ni wa kabila gani. Wote watatu walikuwa wamepita miaka 70. Wangebaki kwao wakisali, nani angewalaumu? Walirudi, na leo wamezikwa Bukavu. Sidhani walisali maneno mengi kuliko sisi. Nadhani walipomaliza kusali waliinuka, wakaenda kwa mtu.

Hapa makazini tunasali sana, nami nashukuru. Lakini yupo mama mjane nyuma ya kanisa, paa lake linavuja tangu masika, nasi tumemwombea tu. Nami nimo.

Yule kijana alisema bado anafikiri. Nilimwambia afikiri vizuri, maana Mkesha wa Pasaka ataulizwa tena, na safari hii msimamizi wake hatakuwepo.